Balbu Haipumui

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kusema hivyo. Tangu mama apewe mashine ya oksijeni, hasira hizo zimepata kazi ya kudumu.

Mashine yenyewe hukaa kando ya kitanda cha mama, nyumbani kwake mtaa wa Woodley, Nairobi, ikivuma mchana kutwa, na mrija wake mrefu humfuata mama hadi jikoni. Haina akiba yoyote ndani. Stima ikipotea inanyamaza, na mama anabaki na mtungi mdogo wa oksijeni unaomtosha saa mbili, labda tatu akiwa hazungumzi. Na mama hajui kunyamaza.

Kaka yangu mkubwa anaishi Kitisuru, kwenye ua wenye jenereta, na jibu alikuwa nalo tayari. "Mwaitu ahamie kwangu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama tunavyomwita sote. "Stima ikipotea tena na hamna kitu ya kushikilia hiyo mashine, nakuja kumchukua. Hiyo sio discussion."

Mama alikuwa ameishi nyumba ile tangu baba alipokuwa karani wa jiji. Alisaidia kuwazika waume wa jirani zake akiwa pale, akawasuka binti zao pale. Alisema Kitisuru angekaa akitazama ua wa miti mpaka macho yachoke. Akakataa, nami nikaapa hahami. Basi nikaenda mjini kutafuta betri kubwa, yale masanduku yenye mshikio na soketi ambayo watu hubeba wakienda kupiga kambi, wachaji simu na kuchemsha chai porini.

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli kila kitu hujaribiwa kwenye kaunta. Ni desturi yetu, na tunaiamini kuliko risiti yenyewe. Pasi, redio, blenda: muuzaji anachomeka, unaona inafanya kazi, anapiga muhuri kwamba bidhaa ikishajaribiwa hairudishwi, unaondoka. Muuzaji wangu, mwanamume mwenye kalamu sikioni, alichomeka balbu kwenye sanduku la ukubwa wa kikapu cha mayai.

"Ona hiyo, madam. Hii itakupea masaa kumi na mbili easy. Hata ukienda camping Naivasha, uko sorted."

Balbu iliwaka. Nikaridhika, kama watu wote wanavyoridhika, nikabeba sanduku langu nikijiona nimemkomesha kaka.

Nyumbani nilichomeka mashine ya mama. Sanduku lililia mara tatu, likazima. Nikarudia, likalia, likazima. Mashine ile inapoanza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na sanduku dogo haliuwezi. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu balbu ilikuwa imewaka. Nilikaa kwenye zulia nikalia kwa hasira.

"Kesho tunaenda wote," mama alisema. "Na mashine yangu."

Asubuhi alivaa gauni la kanisa na kitambaa cheupe cha akina mama. Tulikodi teksi, yeye na mtungi wake mbele, mimi na mashine nyuma. Muuzaji alipotuona, kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye muhuri wa risiti.

"Madam, hii kitu tulitest. Si ulijionea?"

"Ulitest na bulb."

"Kila mtu huwa tunatest na bulb."

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya duka. Alivuta pumzi kwanza, kama inavyombidi siku hizi. "Bulb haipumui. Bulb ikizima utaiwasha tena. Na mimi?"

Wateja waliokuwa wakichagua waya waligeuka. Mwanamke mmoja akaweka mfuko wake chini. "Testia mathe na mashine yake, boss. Sote tuone."

Muuzaji akaleta sanduku la pili. Mashine ikavuma dakika chache, sanduku likazima. La tatu lilikuwa zito, akalisukuma kwa goti kutoka stoo. Mashine ikaanza, ikaendelea. Akatabasamu, akanyoosha mkono achomoe.

"Wacha hivyo," nikasema. "Tunakaa hapa mpaka betri iishe."

"Madam, hiyo si itakuwa half day?"

"Sisi tuna siku nzima."

Tukakaa. Mama alikula mandazi, akawauliza wateja habari za makwao, akamzuia mwanamke mmoja kununua birika lenye mkono uliolegea. Muuzaji alinuna, kisha akazoea, kisha akamletea chai. Mimi niliandika saa na asilimia nyuma ya ile risiti yenye muhuri. Tulianza saa tatu asubuhi, na sanduku likazima saa nane. Nikafungua mtungi. Muuzaji akalipokea lile dogo, nikaongeza pesa zilizopungua, tukaondoka na lile zito.

Jumapili kaka alikuja kula chakula cha mchana, na stima ikapotea tukiwa mezani. Friji ilinyamaza, redio ya jirani ikanyamaza. Mashine ya mama haikukatika hata kidogo. Nilimtazama kaka kwa dharau niliyokuwa nimeiweka akiba wiki nzima.

Alichuchumaa mbele ya sanduku, akasoma namba zake. "Na hii ikiisha, mwaitu? Stima ikikosa siku mbili?"

Nilifungua mdomo kumpa saa zangu tano na mtungi wangu, lakini mama alinitangulia.

"Ikiisha, imeisha," alisema. Akapumzika. "Mimi sitafuti kuishi milele, mwanangu. Nataka nikifa, nifie hapa kwangu. Dada yako alidhani tunanunua pumzi. Nilimwacha adhani."

Nilibaki nimesimama na mwiko wa kupakulia. Nilikuwa nimegombana na kaka, nikagombana na duka zima, ili nisilazimike kuifikiria siku hiyo. Mama alisogeza sahani yake mbele, akingoja muthokoi, mahindi yake ya kukobolewa na maharagwe.

Kaka aliinua macho kunitazama, akiomba nimsaidie kubisha. Kwa mara ya kwanza tulikuwa upande mmoja, mimi na yeye, na tulikuwa tumeshindwa.