Miguu ya Liwali

Ukutani ofisini kwa liwali kuna picha za waliomtangulia, zote za kichwa na mabega. Juzi bibi mmoja wa milima ya Dima, aliyeleta barua kwamba mfereji wa kijiji chao umeziba, alikuwa akinionyesha mimi, karani wa hapo, kwa fimbo: "Yule alikuwa askari. Yule kadhi. Yule mwalimu, kamsomesha mwanangu. Huyu mpya katokea Maskati, anajua makaratasi tu."

Liwali mpya akatoka. "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia, akampa barua. Akaisoma wima. "Twende tukauone," akasema, akapandisha kanzu na kuifunga kiunoni palepale, kama maji yako mlangoni. Miundi yake imejaa makovu ya mawe.

Bibi akashusha fimbo. "Kumbe umezibua mifereji! Marahaba, mwanangu."

Picha yake nayo itatundikwa siku moja. Hasara yetu, itaishia mabegani.