Futari Niliyompelekea Nathan

Jamani, kuna aibu hazizeeki. Hii yangu ni ya mwishoni mwa miaka ya tisini, na mpaka leo mume wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni halazimiki kubishana, hutamka neno moja tu, "futari," basi mimi naokota sahani hata ambazo watu hawajamaliza kulia, naingia jikoni kama niliyeitwa huko.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Sikufungiwa na mtu (Baba Salma angechinja mbuzi siku ningekubali kutoka), ni maumbile tu, wengine wameumbiwa safari na mimi nimeumbiwa kochi. Tangu tulipohamia Irving kutoka Mombasa, Amerika yangu ilikuwa sebule, jiko, na dirisha moja linalotazama ndege zikishukia uwanjani, zinapita chini mpaka vikombe vinalia kabatini. Wenzangu walikwenda Dallas kuangalia maghorofa, walikwenda Houston kutembelea ndugu, mimi nilikuwa mbele ya TV nakunja sambusa za harusi za watu, na kwa kuwa rimoti haishikiki kwa mikono yenye unga, TV ilikaa stesheni moja hiyo hiyo mchana kutwa, na stesheni yenyewe ilikuwa ya besiboli.

Mwanzo sikuelewa kitu. Mmoja anarusha mpira, mmoja ana gongo, waliobaki wamesimama wanatema maganda ya alizeti. Lakini kule nyuma kabisa, kwenye majani, mbali kama mtu aliyenuniwa na familia, alikuwako mmoja anaitwa Nathan, na kazi yake ilikuwa kungoja. Angoje, angoje, avute kofia, angoje tena, na siku hiyo mpira ukapigwa ukapaa juu hata kamera ikaupoteza, na Nathan (hapa ndipo sambusa zangu zilipoungua) hakuutazama. Aliupa mgongo akakimbilia ukutani kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka, alipofika akaruka, akapitisha mkono juu ya ukuta, na mpira ukaja ukaingia kwenye glavu kama walikuwa wameahidiana. Nilisema Subhanallah kwa sauti, peke yangu, ndani ya nyumba iliyojaa moshi.

Toka hapo nikawa najua habari zake kuliko za mawifi zangu. Mtoto wa Dallas, Myahudi, babake muuza vitambaa (nikampenda zaidi, marehemu babangu pia aliuza vitambaa). Alipokuwa kijana walimkataa kwa wembamba. Akazunguka miaka na timu ndogondogo, analala kwenye basi, anacheza kwenye vijimji ambavyo hata wenyeji wake huviaga mapema, na alipoitwa Arlington kwenye timu kubwa wenzake wa rika lake walikuwa tayari wanalalamikia magoti. Mara mbili aligonga ukuta bega likachomoka, mara mbili akarudi akakimbilia ukuta ule ule. Mimi ambaye nikijigonga kwenye meza naihamisha meza, mtu kama huyo nilimwona ni ajabu ya Mungu.

Sasa ikafika wiki ya mwisho ya msimu. Timu yetu ilikuwa ugenini, ikifanya vizuri inaingia mchujo wa ubingwa, ikikosea kila mtu arudi kwao. Na katikati ya wiki hiyo Nathan akatangaza kwamba mechi mbili hatacheza, ni siku yao kuu ya toba, anarudi Dallas kufunga na kusali pamoja na wazazi wake, kisha atawafuata wenzake. Lo! Redioni watu walimrarua. "Analipwa kucheza au kusali?" Mimi nilikaa chini na mwiko mkononi. Mtu kaisaka mechi kama hii maisha yake yote, imekuja mpaka mlangoni, naye anaiambia ningojee hapo nje, nazungumza na Mola wangu.

Mchana wa siku hiyo Baba Salma akaja kula. Alikuwa dereva wa kampuni moja inayopokea wakubwa uwanja wa ndege.

"Unajua jioni hii nampokea nani?" akaniuliza, anajifanya anatafuta chumvi.

Aliponitajia, nikakaa. Anampokea Nathan, anampeleka moja kwa moja kwenye sinagogi lao huko juu karibu na Richardson.

"Na leo kafunga?"

"Ndiyo funga yao leo, redio nzima inasema."

Basi nyinyi mnajua mafundisho yetu, anayemfuturisha mfungaji hupata thawabu kama zake. Na huyu si mfungaji wa kawaida, huyu kaacha ubingwa! Nikaona pepo inanipitia mlangoni, tena kwa gari la kiyoyozi.

"Mpitishe hapa. Nampa futari."

"Mama Salma, gari ni la kampuni."

"Ni njiani."

"Si njiani."

"Dakika tano, na mimi mwenyewe nitaingia garini nimpakulie huko huko." Hapo akakubali, maana miaka yote ananibembeleza nitoke na leo najitolea mwenyewe, nadhani mshangao ndio uliomshinda.

Nikapika. Mbaazi za nazi, viazi vitamu, kaimati, tende nikazipanga (nyama sikutia, najua wana machinjo yao, yaani nilijiona mjuzi kweli kweli). Kumbe ndege imechelewa. Walipofika jua lilikuwa limeshainama, na mimi kaimati zangu hazijaingia kwenye shira.

Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani, alikuwa kwenye ngazi ananiona natelemka na viatu vya kutokea. "Eh, Mama Salma! Leo unatoka inje? Basi leo mvua ya mawe itatumaliza!"

Na Nathan akashuka garini kunipokea hotpoti ya chakula. Nathan! Mrefu, mwembamba, macho mekundu ya safari, na vidole virefu vyenye makovu. Nilivitazama vile vidole kama mtu anayeangalia kitu cha makumbusho. "Asante sana, mama," akasema (kwa Kiingereza, nawawekea kwa lugha yetu), "ila tungeondoka sasa hivi. Jua..." Akalitupia jicho.

Nani aliyefunga asilitazame jua? Nikamwonea huruma. "Najua, mwanangu, najua, bado kidogo tu." Nikarudi juu kumalizia shira.

Barabara ya 635 ilikuwa imeziba, magari yamesimama kama yanauzwa. Mimi mbele na hotpoti mapajani, yeye nyuma, na kila akilitazama jua mimi namliwaza.

"Mama yangu ananisubiri na chakula," akasema.

"Mama ni mama. Lakini changu kimo humu humu."

"Nilitaka nifike kabla halijazama."

"Litazama tu, halijawahi kukosa!"

Akasema taratibu, kwa haya, "Kinanukia vizuri sana. Naweza kula sasa hivi?"

Moyo ulinipasuka. Shujaa mzima, aliyeshinda kuta, anashindwa dakika za mwisho! Nikaikumbatia hotpoti. "Nathan, umetoka mbali, usijiharibie hapa. Subira." Na Baba Salma akamwitikia kwenye kioo, "Subira, ndugu yangu." Nathan akafungua kinywa kutueleza jambo, nikamkatiza nikamsimulia funga yangu ya kwanza utotoni, nilivyokunywa maji kisirisiri nikachapwa. Kisha simu yake ikalia, alikuwa mamake, akazungumza naye mpaka tukafika.

Pale sinagogini nilikodoa macho. Watu wanaingia wamevaa nyeupe, wazee wamevaa suti nzuri na chini raba za kitambaa, hakuna kelele, kama jumuiya nzima imeitwa na mtu mmoja kwa sauti ndogo. Uwanjani mwa magari alisimama mama mfupi mwenye kofia nyeupe, akamkimbilia Nathan na mkate mnene wenye kuku, uliofungwa kwa karatasi. "Kula! Kula upesi, mwanangu!" Naye akaufungua pale pale, akaupeleka kinywani.

Na jua, wenzangu, lilikuwa bado liko juu ya paa!

Sijui nilishukaje. Nakumbuka tu nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili na napiga kelele, "Bado! Jua! Jua bado!" Mamake akavuta mkate huku, mimi nikauvuta huku, Baba Salma kaja mbio nikidhani anakuja kunizuia, kumbe naye ananyooshea paa kidole, "Kweli, bado, hata mimi naliona!" Watu wakasimama mlangoni. Na mimi nikashinda. Mkono ule usioangusha mpira uliachia mkate, ukawa kwangu, nikauficha nyuma ya mgongo kama niliyemnyang'anya mtoto kisu.

Tukasimama hivyo. Nathan analitazama jua, mamake ananitazama mimi, na mimi natabasamu kwa wote, nikijua kesho nitasifiwa. Jua likagusa paa, likaingia nusu, likazama lote. Nikafunua hotpoti kwa mikogo, harufu ya nazi na iliki ikasambaa mpaka mlangoni kwa wale wenye nguo nyeupe.

"Haya sasa! Bismillahi! Kula, mwanangu!"

Hakuna aliyesogea. Mamake ndiye aliyenijia, akaniwekea mkono begani, uso wake sijui ulikuwa unalia au unacheka.

"Mama," akasema polepole, "funga yetu inaanza sasa."

"Inaanza?"

"Sasa hivi. Mpaka kesho usiku uingie."

"Usiku kucha? Na mchana wote?" nikauliza. "Maji je?"

"Hata maji."

Na mwanawe alikuwa hajala tangu asubuhi, alikuja mbio apate mlo wa mwisho, daku yake hasa, nami nikamzungusha na kaimati mjini kote, nikamnyima hotpoti garini, kisha nikampokonya mkate mdomoni mbele ya umati wake. Nikatoa mkono nyuma ya mgongo. Mkate nilikuwa nimeuminya mpaka kuku katokeza. Nikaurudisha, sijui nilitegemea afanye nini nao.

Nathan akautazama, akatazama mikono yangu. "Una mikono mizuri, mama," akasema. "Wangekuweka nje kule pamoja nami." Akacheka kidogo, akamshika mamake mkono, wakaingia. Sikuwahi kuona mtu akiiendea njaa kwa mwendo wa utulivu kiasi kile. Tulirudi Irving Baba Salma na mimi, hotpoti wazi katikati yetu.

Timu ililala usiku ule, ikashinda siku ya pili, na Nathan akaruka kuwafuata, yote ikabaki kwenye mechi ya mwisho. Niliangalia nikiwa nimeikalia mikono yangu. Nilimwomba Mungu, kama ni ubingwa aukose, lakini si kwa njaa niliyomtia mimi. Karibu mwisho mpira ukapigwa juu, upande wake. Akaupa mgongo, akakimbia, akaruka, akanyoosha, na mpira ukagusa ncha ya glavu ukaangukia upande wa pili wa ukuta. Timu yetu ikatoka.

Baada ya mechi waandishi wakamzingira na vipaza sauti. Mmoja akauliza lile lile la redioni, je, si ile funga iliyokumaliza nguvu? Nikajifunika kanga usoni nikabakiza jicho moja, maana sasa atasema, ana haki ya kusema, na nchi nzima itajua ni mwanamke wa Irving.

Nathan akajifuta jasho. "Hapana," akasema. "Mpira ulikuwa mrefu kuliko mimi. Na funga ya mwaka huu ilikuwa na walinzi wengi kuliko zote nilizowahi kufunga." Akatabasamu, akaondoka.

Hakuna mwandishi aliyeelewa. Baba Salma alielewa, akaweka kijiko chini, na jioni nzima ile neno lake la "futari" hakulitamka hata mara moja.

Alicheza miaka mingine michache, bega likamgomea, akaacha. Kila mwaka siku ile ikifika hakucheza, na watu wakamzoea. Mimi nami nimeapa: aliyefunga, awe wa dini gani, sitamgusa mkono wala sitamhesabia jua lake. Nitamuuliza anafungua lini, kisha nifanye lile lililonishinda barabara nzima ya 635, ninyamaze mpaka amalize kujibu.