Fundi Kipimajoto na Gari la Mkunga

Walimwita Kipimajoto kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kimoja mfukoni mwa ovaroli yake. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Alianza na majokofu ya mabucha kabla ya kuhamia viyoyozi vya magari. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la matairi. Kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani, na ole wako uitundike kwingine.

Siku moja mkunga mstaafu alimletea gari la zamani, la miaka thelathini na sita. Likikimbia, kiyoyozi kilitoa baridi safi. Likisimama kwenye foleni, kilipuliza joto. Mume wa mkunga alikuwa mgonjwa wa moyo. Mara ya mwisho alizimia kwenye taa za barabarani, na tangu hapo hakutaka tena kutoka mchana.

"Mafundi watatu wameongeza gesi," mkunga alilalamika. "Wa mwisho akapasua mpira wa gesi, nikanunua mwingine."

"Gesi si dawa ya kila homa, dada yangu. Hebu washa."

Injini iliponguruma, fundi aliweka ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta. Feni ikivuta sawasawa, karatasi hunata. Hii ilisitasita, ikaanguka.

"Umeona? Feni inazungushwa na injini. Gari likisimama, injini inapunguza mwendo, na feni inazembea. Halafu kuna mtu kaondoa bati lililoizunguka. Sasa inanyonya joto la pembeni badala ya hewa ya mbele."

"Tengeneza, ila usinikatie bodi. Mabinti zetu wanne wameolewa kwa gari hili."

"Sitalikwaruza hata kwa ukucha."

Alikunja bati jipya kwa mkono, akalipima mara tano kabla ya kulifunga. Akaziba mianya kwa sponji, kisha akafunga feni ndogo ya umeme mbele, kwenye matundu ya skrubu yaliyokuwepo tangu kiwandani. Siku ya tatu akawasha mbele ya mkunga. Joto likapanda kuliko mwanzo!

Fundi aliinama, akaweka kiganja mbele ya feni ndogo. Ghafla akacheka.

"Nimegeuza nyaya. Feni yangu inasukuma mbele, kubwa inavuta nyuma. Zinagombana kama wake wenza. Kosa ni langu."

Angeweza kusema kifaa ni kibovu, na mkunga asingejua. Hakusema. Alibadilisha nyaya, akaongeza kidogo mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ili isichoke kiyoyozi kikiwaka, kisha akavua ovaroli.

"Twende tumchukue shemeji. Kupima hapa kivulini ni kujidanganya."

Saa saba mchana waliingia kwenye foleni ndefu, mkunga akiendesha, mgonjwa amekaa mbele huku ameshika mkanda kwa mikono miwili. Walisimama dakika ishirini. Fundi, kiti cha nyuma, alinyoosha mkono na kuweka kipimajoto kwenye tundu la hewa: nyuzi kumi na mbili, kumi na moja, kumi.

"Fundi," mzee akasema bila kugeuka.

"Naam, shemeji."

"Punguza kidogo. Masikio yanauma."

Mkunga aliangua kicheko, kisha akafuta macho kwa mtandio. Taa ziliporuhusu, mumewe alimwambia asirudi nyumbani, akate kushoto. Alitaka kumwona dada yake, ambaye hakuwa amemtembelea kwa miaka miwili.