Namba Tisa Hewani

Kabla simu ya upepo haijafika, majibu ya vipimo yalitufikia baada ya wiki mbili au tatu, au hayakufika kabisa. Nilikuwa mkunga wa zahanati katika kijiji kilicho mbele ya stesheni ya Idete, mahali ambapo masika yakikolea barabara inakuwa jaruba la mpunga na hakuna dereva anayethubutu kuja. Damu za wajawazito zilikwenda Ifakara kwa baiskeli ya mhudumu wetu, ndani ya sanduku la barafu, na majibu yakarudi kwenye karatasi. Mara nyingine mama alikuwa ameshajifungua. Mara moja mtoto alikuwa ameshazikwa, ndipo karatasi ikafika ikisema mama alihitaji sindano. Ile niliichana vipande kwa hasira, na sikumwambia mtu.

Kwa hiyo simu ilipoletwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliipenda kupita kiasi. Ilikuwa boksi la kijivu lenye kipaza sauti cha mkononi, betri ya gari chini ya meza, na waya uliopanda hadi kwenye nguzo ya mianzi nje. Kila siku saa saba mchana hospitali ya mjini iliita vituo vyake kimoja baada ya kingine, na sisi tukajibu. Mimi msichana wa Viwanja Sitini pale Ifakara, niliyezoea kumwona mtu akibonyeza kitufe na kuongea na dunia kwenye ofisi za wakubwa tu, nilijiona na mimi nimekuwa mkubwa.

Tatizo ni kwamba simu ilikuwa yangu kwa kazi lakini ilikuwa ya kijiji kizima kwa masikio. Ilipofika saa saba watu walijikusanya chini ya dirisha kusikia kama njia inapitika, kama treni imepita, nani amefariki mjini. Siku moja nilijaribu kufunga dirisha. Mzee mmoja akaligonga kwa fimbo. "Nesi, una siri gani na hao wa mjini ambayo sisi hatupaswi kuisikia?" Nikaona aibu, nikalifungua, na halikufungwa tena.

Kwa kuwa nilijua wanasikiliza, nilijifanya mjanja. Nilikubaliana na fundi wa maabara kwamba hewani hatutataja jina la mgonjwa, ni namba tu. Namba niliiandika kwenye chupa ya damu na kwenye daftari langu, basi. Hata mgonjwa mwenyewe sikumpa. Nilijisifu sana kwa mpango ule. Sikufikiria kwamba kinamama walikuwa wakikaa kwenye benchi la baraza kwa kufuata walivyofika, kwamba mimi niliwaita kwa kufuata benchi, na kwamba kijijini hakuna mwanamke asiyekumbuka alikaa katikati ya nani na nani.

Siku ya kliniki walikuja wajawazito kumi na wanne. Niliwaingiza wawili wawili: mmoja natoa damu, mwingine anasubiri kwenye kiti kando ya pazia. Wa tisa kwenye benchi alikuwa msichana wa Kisukuma, mimba yake ya kwanza, aliyeolewa kwenye boma la wafugaji waliohamia upande wa mbugani. Wa kumi alikuwa mke wa katekista wetu, mama wa makamo, kiongozi wa kwaya, ambaye ndiye aliyenipokea nilipofika kijijini sina hata sufuria. Walipoingia, yule msichana alipiga goti, akasema shikamoo, akampisha. "Tangulia wewe, mama. Miguu imekuvimba." Nikatoa damu ya mama kwanza. Nikaandika tisa. Msichana nikamwandika kumi. Nje hakuna aliyeona.

Jumatano ya wiki iliyofuata mvua ilikuwa imeshaikata barabara. Saa saba fundi wa maabara akaniita.

"Andika majibu ya kinamama. Wote wako salama isipokuwa namba tisa. Namba tisa pozitivu. Narudia, namba tisa pozitivu. Aanze sindano leo, pamoja na mumewe. Ova."

Sauti ilikuwa inakwaruza, nami nilikuwa nimeifungulia hadi mwisho. Nilielewa anasema nini: kaswende, ugonjwa wa sindano tatu ukapona. Lakini miaka ile mtu akisikia pozitivu aliwaza ugonjwa mmoja, ule uliokuwa unajaza makaburi.  Chini ya dirisha nikasikia sauti ya mwanamke, mmoja wa wale kumi na wanne, akihesabu pole pole kwa vidole.

"Mimi nilikuwa wa sita. Wa saba huyu shemeji yangu. Wa nane yule wa kinuni." Akakunja kidole kingine. "Wa tisa yule wa kwenye ng'ombe."

"Nilisema mimi," mwingine akadakia. "Hawa wageni wanahama na maradhi yao."

Nilikuwa nimesimama na kipaza sauti mkononi. Ningeweza kutoa kichwa nje nikasema siye. Lakini ningesema siye, wangehesabu upya, na wa kwanza kufikiriwa angekuwa yule aliyeingia naye. Nikakaa kimya. Nilijiambia kwamba ninatunza siri ya mgonjwa, kama nilivyofundishwa chuoni. Kweli tupu ni kwamba niliogopa.

Kesho yake asubuhi mume wa yule msichana alifika zahanati. Kijana mrefu, mpole, amevaa makubazi ya tairi. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za kazi, akaketi mwisho wa benchi.

"Nesi, nimekuja kuona daftari."

"Daftari la wagonjwa halionyeshwi."

"Basi niambie tu mke wangu ni namba ngapi."

"Hilo nalo siwezi."

Akaangalia mikono yake.  "Kama siyo yeye, si ungesema siyo yeye?"

Hapo ndipo hasira yangu, ambayo imeniponza mara nyingi maishani, iliponipanda. Nikamwambia aende akamtunze mkewe, aache kusikiliza redio za watu. Hakuinua sauti.

"Redio ni yako, nesi. Mimi nilikuwa machungani." Akasimama. "Baba amesema asilale tena bomani. Kesho nampeleka Idete, apande treni arudi kwao."

Kwao kulikuwa Shinyanga huko, safari ya siku kadhaa, na mimba ya miezi sita. Nilimtazama akienda na nikatamani kumkimbilia. Nikarudi ndani.

Alasiri nilichukua sindano na dawa, nikavifunika kwenye kikapu kwa mchicha, nikaenda kwa mke wa katekista. Alikuwa uani anapepeta mchele. Tuliingia chumbani nikamwambia: namba tisa ni wewe, mama. Hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akavuta kanga yake magotini.

"Mimi sijawahi kujua mwanaume mwingine," alisema.

"Najua."

"Wewe unajua. Wao watajua? Jumapili mume wangu atasimama mbele yao asome neno la Mungu." Akanishika mkono. "Mwanangu, nichome zote unazotaka. Lakini lile daftari usilifungue."

"Wanamfukuza yule msichana."

"Yule ana kwao. Mimi nikiondoka hapa niende wapi?"

Nilimchukia kwa maneno yale, na nilimpenda vilevile, maana chakula changu cha kwanza kijijini nilikila kwenye sahani yake. Nikamchoma sindano ya kwanza. Nilipotoka alikuwa bado amelala, na aliwaambia watoto kwamba mguu unamsumbua.

Ijumaa saa saba dirisha lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Yule kijana alikuwepo na baiskeli yake, mkewe amekaa nyuma kwenye keria, amepakata kifurushi. Walikuwa wanasubiri kusikia kama njia ya Idete imefunikwa na maji. Watu walikuwa wamewaachia nafasi pande zote, hakuna aliyewasogelea. Katekista naye alikuwepo, anasubiri taarifa ya padri kuhusu misa. Hakunitazama, nikajua mkewe ameshamwambia.

Hospitali ikaita. Treni ya kesho ipo. Padri hatafika Jumapili. Njia ya Idete inapitika kwa baiskeli. Niliposikia hilo niliinua macho, nikamwona kijana anageuza usukani.

Nikabonyeza kitufe. 

"Hospitali, nina taarifa. Majibu ya juzi si sahihi. Kosa ni langu. Chupa nilizichanganya. Ova."

"Rudia. Ova."

"Nilizichanganya chupa wakati wa kuandika namba. Sijui damu ipi ni ya nani. Ova."

Ikakwaruza. Baiskeli ikasimama.

"Nesi," fundi akasema, na kijiji kizima kikamsikia, "una miaka mingapi kazini? Ova."

"Kumi na mmoja. Ova."

Mtu akacheka nje. Fundi akaendelea: "Miaka kumi na mmoja hujui kuandika namba kwenye chupa? Haya. Wachome wote kumi na wanne, na waume zao. Na hii naipeleka kwa mganga mkuu, usije ukasema sikukwambia. Ova na auti."

Nilikwenda dirishani nikawaambia wote kwamba si ule ugonjwa wanaoufikiria, ni kaswende, inatibika, na sasa hakuna anayejua ni ya nani. Walinitukana. Aliyenitukana kuliko wote ni yule aliyehesabu kwa vidole, maana sasa na yeye alikuwa mmoja wa kumi na wanne, na mumewe alikuwa amesimama hapo hapo anamwangalia. Katekista ndiye mwanaume wa kwanza kusema atachomwa. Alisema ni vizuri kuonyesha mfano, na watu wakamsifu. Nilibana meno.

Kijana alimshusha mkewe kwenye keria kwa mikono miwili. Sikusikia alichomwambia. Kisha akamleta mlangoni, akabaki nje, mkewe akaingia peke yake.

Nilivuta pazia, nikaanza kuchanganya dawa. Nilikuwa nimefurahi, sitaficha. Nilikuwa nimeibeba aibu ya watu wawili hewani, mbele ya bonde zima, na nilihisi nimefanya jambo kubwa. Nilitaka hata anishukuru.

"Mimi nilikuwa wa kumi," alisema.

Niligeuka. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, kifurushi bado mkononi.

"Nilikuona ukiandika. Mama yule tisa, mimi kumi. Namba nazijua."

"Ulijua tangu juzi?"

"Tangu juzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi siye, wangeniuliza ni nani." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwenzake njia. "Nilikuwa nasubiri useme wewe, nesi. Jana, mume wangu alipokuja hapa, nilisema atarudi na maneno yako. Akarudi hana kitu. Leo tumefunga vitu, bado nikawa nasema, nesi atakuja sasa hivi."

  Nilishika kichupa cha dawa nikawa nakitikisa tu, ingawa kilikuwa kimeshachanganyika. Mwishowe nikamwambia hana haja ya sindano, alale kidogo kitandani kisha atoke, hakuna atakayejua.

Akatikisa kichwa. Nje tulisikia wanasogea, wanasukumana kuutazama mlango. Penisilini ile inauma, kila mtu kijijini alishawahi kumwona aliyechomwa anavyotoka.

"Nichome," alisema. "Nikitoka sichechemei, watahesabu tena."

Akaweka kifurushi chini, akalala kwa ubavu kwa sababu ya tumbo, akapandisha kanga. Nikamchoma dawa ambayo hakuihitaji. Aliuma ncha ya kanga, hakutoa sauti. Kisha akainuka, akaniambia asante nesi, akatoka nje anachechemea.