Walburga na Kipindi cha Nyota wa Nyumbani

Ofisi alikokuwa mpiga chapa ilipofungwa na watumishi wakapunguzwa, Walburga Nyoni alibaki na cherehani na sauti. Sauti hiyo Songea iliijua, maana ndiye aliyesoma masomo kwenye misa ya pili. Ndiyo iliyomleta Beda Luambano mlangoni kwake mwaka 1998.

Beda alikuwa na duka la vipuri mtaa wa Mfaranyaki. Serikali iliporuhusu soko huria alinunua dishi kubwa, akatandaza nyaya za televisheni nyumba kwa nyumba mpaka mtaa wa Bombambili. Sasa alitaka kipindi cha kwake, cha watu maarufu wa hapahapa.

"Sisi tuna watu maarufu?" Walburga aliuliza.

"Tukiwaonyesha, watakuwepo," Beda akamjibu.

Basi kikaanza Nyota wa Nyumbani, kila Jumamosi saa moja jioni, umeme ukiwepo. Chumba kilikuwa stoo nyuma ya duka, ukutani wamepigilia kitenge. Aliyeketi wa kwanza alikuwa golikipa wa timu ya mji. Akafuata mama mmoja wa Ruhuwiko, bingwa wa kuongoza ngoma ya lizombe. Watu walijazana sebuleni kwa wenye televisheni. Sokoni Walburga aliongezewa nyanya bila kuomba.

Mwaka wa pili magazeti ya udaku yakawa yanashuka na basi la Dar es Salaam, yanagombewa stendi. Beda aliyaona.

"Mama Nyoni, ngoma watu wameshachoka. Wanataka kujua nani kalala wapi."

Walburga alisita, kisha akazoea. Alianza na ugomvi wa wanamuziki, akaja kwenye ndoa zao. Kila alipoukaribia uchi wa mtu, simu ya dukani ililia zaidi. Kusema kweli, alipenda ilivyolia.

Kulikuwa na mwimbaji aitwaye Leo Gama, wa bendi iliyopiga baa moja ya Majengo, mtu mpole, hakosi kofia nyekundu. Jirani yake alikuwa ameona karatasi ya majibu ya damu mezani kwake, akaipeleka habari kwa Beda. Jumamosi hiyo Walburga hakutaja jina. Alisema tu kwamba mwimbaji mmoja mwenye kofia nyekundu ameshikwa na ugonjwa huu wa siku hizi, na wanaomshangilia wajiangalie.

Jumatatu alipita pale baa kutafuta mgeni wa wiki inayofuata. Leo Gama alikuwa kaunta anamalizia soda. Hakumtazama Walburga, aliweka chupa, akavaa kofia, akatoka. Mhudumu aliishika ile chupa kwa kitambaa, akaipeleka uani na kuipasua kwenye jiwe.

Walburga alikwenda moja kwa moja dukani. "Tuombe radhi," akasema.

"Kwani tumesema uongo?" Beda aliuliza.

Ndani ya mwezi bendi ilimwacha Leo, na mkewe Suzana akachukua watoto wawili akarudi kwao Mbinga. Leo akaenda kwa mama yake Madaba. Walburga akamfuata huko.

Alimkuta mama, Bibi Adela, akipukuchua mahindi barazani.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama."

"Milele amina. Marahaba." Kisha bibi akaitambua sauti, akaendelea kupukuchua.

Leo alitoka ndani amejifunga shuka, amekonda. Walburga alipiga magoti uwanjani palepale.

"Nimekuja kuomba msamaha, kaka. Niliyoyasema yamekuharibia."

"Ulisema kweli," Leo alisema. "Lakini haikuwa yako kuisema. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Suzana. Siku tatu nilikuwa nayatafuta maneno. Yeye akayasikia kwa jirani, sebuleni, watu wanacheka."

Walburga alilia bila sauti. Leo alimwacha alie, halafu akasema, "Nipeleke pale unapokaa kutangaza. Nitasema mwenyewe. Wewe usiniulize kitu."

Jumamosi iliyofuata aliketi mbele ya kile kitenge, kofia ameishika mkononi. Alitaja jina lake na ukoo wake, akasema ana virusi. Akamwomba radhi mkewe kwa kuchelewa kumwambia. Walburga akaongeza, "Niliyemtangaza ni mimi. Nilikosa." Wiki hiyo simu ya dukani haikulia sana, lakini watatu walikuja kwa miguu kumuuliza Leo wapi wakapime damu.

Beda alifurahi, akataka mgonjwa mwingine Jumamosi inayofuata. Walburga alimrudishia ufunguo wa stoo. Kipindi kiliendelea na mtangazaji mwingine hadi ving'amuzi vya bei nafuu vilipoingia mjini, kikafa bila kuagwa.

Leo alifariki mwaka 2002, dawa za kufubaza virusi zikiwa bado hazijafika. Suzana alikuwa amemfuata Madaba miezi mitatu kabla, akamuuguza mpaka mwisho. Msibani Walburga hakuitwa na mtu. Alikwenda, akajiunga na wanawake waliokuwa wakiosha masufuria nyuma ya nyumba.

Suzana alikuja kuchota maji, akamwona.

"Wa kwangu alikusamehe," alisema taratibu. "Mimi bado sijaweza."

"Nimekuelewa, dada," Walburga alijibu.

Suzana alichota maji, kisha akamsogezea sufuria lililobaki kuoshwa na kurudi ndani kwa wafiwa wenzake.