Dawa ya Kupe Usoni mwa Penina

Harufu ya dawa ya josho haifanani na kitu kingine. Inakaa kooni, ina ukali wa mafuta ya taa na uchungu unaokufanya uteme mate bila kutaka. Ng'ombe wa baba yangu, aliowaacha kwa ndugu yake Butiama, walinuka dawa hiyo kila walipotoka kuogeshwa, na baba mwenyewe alirudi nayo nyumbani kwetu Nyakato, Musoma, imemwingia hadi kwenye kofia.

Ilikuwa miaka ile ya maduka matupu, sabuni ikipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Tulifulia majani ya mpapai, tukaogea hayo hayo. Dada yangu Penina alikuwa amemaliza darasa la saba, na uso wake ukaota chunusi, si zile za hapa na pale, bali mashavu mazima, nyekundu, zenye usaha, nyingine zikipasuka akilalia upande. Penina alikuwa mzuri jamani, na alijua. Kwa hiyo aliupiga vita uso wake. Alizikamua kwa kucha mpaka damu. Alipaka ndimu akakaa juani, ngozi ikaungua ikawa nyeusi kama sufuria. Alipaka mkojo wake wa asubuhi, kwa ushauri wa wasichana wa kwaya, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja ndiye niliyeteseka. Hakuna kilichosaidia. Akaacha kwenda kanisani.

Baba aliamini, kama wengi wakati ule, kwamba chunusi za msichana ni tamaa ya wanaume inayotokea usoni. Alimchapa fimbo za mgongoni akimdai jina la mvulana. Penina hakuwa na jina la kumpa, basi akachapwa kwa ukaidi pia. Mama alinyamaza. Mama yetu alikuwaga mtu wa kunyamaza, nami nilimchukia kwa hilo.

Halafu baba akageuza mawazo, akasema kumbe ni ugonjwa wa ngozi tu, na hapo ndipo mabaya yalipoanza. Alirudi kutoka Butiama na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Ndani mlikuwa na dawa ya kupe, ile yenyewe, kabla haijachanganywa na maji mengi ya kwenye josho. "Ng'ombe wangu wakitoka vipele ninawaogeshaga, wanapona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. "Itashindwaje kwa huyu?" Penina alipoinusa alikimbia. Baba akamkamata nyuma ya jiko, akamwangusha, akamwekea goti kifuani vile vile anavyombana ndama, akammiminia usoni na kusugua kwa gunzi.

"Acha, baba! Acha!" Sijawahi kusikia tena mlio ule. Penina alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, kisha akaanza kutapika, mate yakimtoka, miguu ikitimua vumbi. Na baba bado anasugua! "Vumilia, mwanangu, inaingia," alimwambia. Mama akatokea na ndoo ya maji kichwani. Aliitua, akachukua mchi wa kinu, akampiga baba begani, akampiga mgongoni, akampiga kichwani mpaka damu ikamshuka shingoni. Majirani walikuja mbio, na hakuna aliyemshika mkono. "Umeniulia mtoto!" ndiyo maneno pekee aliyosema. Kisha akaimwaga ndoo yote usoni mwa Penina, akawatuma majirani walete nyingine, na nyingine.

Hospitalini walituambia dawa hakuna. Walimwosha tena, wakamlaza chini, tukasubiri. Alibaki hai. Baba, aliyepigwa na mkewe mchana kweupe, alichekwa na mtaa mzima. Alikimbilia Bunda kwa shemeji yake kuficha aibu, na aliporudi hakuinua fimbo tena. Safi sana. Nilifurahi wakati ule, na bado ninafurahi.

Baadaye ikaja ruksa ya kuagiza vitu kutoka nje, bidhaa zikamiminika, na leo maduka ya Musoma yamejaa krimu za chunusi za kila aina. Binti yangu alijinunulia moja ikambabua mashavu, akawa analikimbia jua. Tulikwenda kwa daktari, akamwambia apake kidogo, usiku tu, na ikimuunguza aache. Aache! Nililia pale pale kwenye kiti, daktari akadhani nina msiba. Nilikuwa namwona Penina chini ya goti akiomba hilo hilo, na mtu aliyempenda kuliko sisi sote hasikii. Maana baba alimpenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa anamchukia, asingehangaika kubeba chupa ile kutoka Butiama. Chunusi za Penina ziliondoka zenyewe kabla hajaolewa, bila dawa yoyote. Jicho lake la kushoto ndilo halikuona tena.