Niliwazuia Wasiende Msibani

Siku ya kwanza kazini, wakili mwandamizi aliyenipokea hapa Mtwara alisoma maswali niliyoyaandaa kwa ajili ya wateja, akanirudishia daftari.

"Mwanangu, usimuulize kama katenda. Muulize ameshasema nini, na kamwambia nani."

Alikuwa sahihi, na nimechoka kumwona akiwa sahihi. Watu wetu huweka wakili wakiwa wamechelewa. Ndugu huanza kwa mjomba anayefahamiana na askari, kisha kwa karani wa mahakama. Wakifika kwetu, mtu wao ameshatoa maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwambia mapema kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, naye kayamwaga yote akidhani adabu itamtoa. Ukiwauliza kashtakiwa kwa kosa gani, wanatazamana. Hati ya mashtaka wanayo mfukoni, imekunjwa, hakuna aliyeisoma.

Kesi inayoninyima raha ilitoka Kitaya. Mkulima mmoja, Issa, alikamatwa kwa kuua bila kukusudia. Jirani yake alitumbukia kwenye shimo la kutegea nguruwe pori, mpakani mwa mashamba yao, akafa. Polisi walisema shimo ni la Issa. Issa alikana.

Siku ya pili ya msiba, mke wa Issa, Zainabu, alikuja ofisini.

"Shikamoo mama. Wazee wamenituma. Tunataka twende msibani tukaombe radhi."

"Radhi ya nini, naye anasema hakuchimba?"

"Kwetu jirani akifiwa hivyo unakwenda tu, uwe umetenda, uwe hujatenda."

"Asiende mtu," nikamwambia. "Mkitamka tusamehe, kesho kuna shahidi atasimama kusema mmekiri."

"Tutaonekanaje, mama?"

"Unataka kuonekana vizuri au unamtaka mumeo?"

Nililisema kwa ukali, na ninalijutia. Alijifunga kanga vizuri, akaondoka. Hawakwenda.

Issa alikaa mahabusu muda mrefu. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, mashahidi walikuja mmoja mmoja, na hakuna aliyemwona akichimba. Jaji akaamua hana kesi ya kujibu, yaani ushahidi haukutosha hata kumtaka ajitetee. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Baada ya miezi michache Issa alirudi ofisini peke yake.

"Mama, nashukuru ulinitoa. Ila pale hapakaliki. Nikiketi barazani, wenzangu wanainuka. Wanasema asiye na hatia, watu wake wangekuja msibani. Niwaambie nini?"

Yeye na Zainabu walihamia Madimba, akawa kibarua, na shamba la baba yake likabaki pori.

Sasa nimestaafu. Mawakili vijana wakiniuliza, bado nawaambia mteja afunge mdomo, kwa sababu sheria ndivyo ilivyo. Nalisema bila furaha.

Mwaka jana nilikwenda Kitaya kwa Bi Somoe, mama wa marehemu. Nilimkuta anapepeta mpunga. Nikampa pole, nikamweleza kwamba mke wa Issa na wazee wao walitaka kuja, mimi ndiye niliyewazuia, ili maneno yao yasitumike mahakamani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Maneno yako wewe yangetumika?"

"Hapana, mama."

"Basi si ungekuja wewe."

Miaka yote ile ya kazi, hilo halikuwahi kunijia.